Kanyanga ya Jani la Muhogo

Leo nimeumbuka, na ninaandika huku bado ninanuka kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Mimi! Kiongozi wa kwaya, niliyesimama kanisani Jumapili kuwakemea walevi mpaka sauti ikanikauka.

Juzi nilibandika vipande viwili vya karatasi nyeusi juu ya jani la muhogo nyuma ya nyumba. Kesho nawafundisha wanafunzi jinsi jani linavyojipikia chakula kwa jua, nikataka nijaribu kwanza. Ili kijani kitoke, jani huchemshwa kwenye alkoli. Shuleni hakuna alkoli. Kule mtaani Mulongwe ipo, kwa jina la kanyanga.

Nikajifunika kitenge mpaka puani, nikaenda. (Ujanja wangu wote ndio huo.) Muuzaji akatazama viatu vyangu, akapaza sauti: "Madame wa chorale! Leo ni weye?"

"Nipe ile kali kabisa," nikanong'ona. "Ni ya kuchemshia majani."

"Ndiyo, Madame. Bote banasemaka vile."

Nikiwa nimeinama jikoni, kikombe cha kanyanga chenye lile jani kinatokota ndani ya sufuria ya maji, machozi yananitoka kwa mvuke, akaingia mchungaji na mama mmoja wa kwaya. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Madame," mchungaji akasema polepole, "chorale tuipatie muntu mwengine?"

Moyo ulinipasuka. Kwaya ndiyo furaha yangu! Nikaopoa jani, limepauka kabisa, nikalidondoshea iode, ile dawa ya vidonda. Likageuka jeusi. Lote, isipokuwa palipofunikwa: msalaba mweupe!

Mama akapiga magoti. "Muujiza!"

"Hapana, mama, ni vipande vyangu viwili vya karatasi, nilivipishanisha. Penye jua, jani limechukua hewa tunayotoa puani, na maji, likatengeneza wanga, na iode huugeuza wanga kuwa mweusi. Penye giza halikupika kitu."

Sote watatu tukaliinamia jani. Miaka yote nimelichora jambo hili ubaoni, leo ndiyo mara ya kwanza kuliona. Vinyweleo vilinisimama. Ugali wetu wote ni hewa na maji vilivyopikwa na jua!

Mchungaji akainua jani dirishani. "Kumbe pumzi yetu ya kuimba, muhogo ya nyuma ya kanisa iko nakula?"

"Ndiyo, pasta."

"Basi uendelee kuimbisha. Na Jumapili uonyeshe kanisa yote hii kitu."

"Na chupa?"

"Na chupa."

Kwa hiyo Jumapili nitasimama mbele ya waumini, jani mkono huu, kanyanga mkono huu. Tafadhali msicheke. Mkishindwa, basi chekeeni karibu na muhogo.