Simba wa Kaisari na Sungura wa Mwenyekiti

Jumatano, 12 Machi 2025
Nimeshinda maktaba na tasnifu yangu ya ushairi wa Kirumi. Maajabu! Katika shairi moja, mbele ya umati, simba anambeba sungura mdomoni bila kumjeruhi. Mshairi anasema mnyama anajua uwanja ni wa Kaisari. Hakuna jeshi, hakuna hotuba. Raia anaona simba ametii, yeye ni nani abishe? Akili kubwa sana.
Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Guangzhou, China. Mpinzani wangu ni Faudhia wa Pemba, anayesomea udaktari. Anapendwa bila jitihada. Inaudhi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimetafuta simba wa kuwaonyesha wapiga kura. Gitau, ninayeishi naye, kasema simba wa hapa ni wa ngoma tu, watu wawili ndani ya kitambaa. Badala yake nimeazima mbwa wa mwenye nyumba, Mzee Liang. Mkubwa kama ndama. Sungura nimemnunua sokoni. Muuzaji kashika kisu, kauliza kama amchune. Nikasema buyao, sitaki. Kauliza tena. Buyao!

Ijumaa, 14 Machi
Mazoezi. Mbwa kalala. Sungura kalala juu ya mbwa. Huruma ya kifalme hiyo.

Jumamosi, 15 Machi
Pikiniki yetu kando ya mto. Nilipanda kiti, nikainua mkono. Mbwa alinusa moshi, akaenda kula mishkaki ya Gitau. Sungura akatimua mbio kuelekea barabarani, pikipiki zinapita. Watu wakapiga kelele, wakamkimbiza. Faudhia peke yake hakukimbia. Alichuchumaa njiani, akatandaza kanga, akanyamaza. Sungura akaja mwenyewe, akaingia.
Kisha makofi. Hata mimi nilipiga, nikiwa bado juu ya kiti. Kaisari angemwonea wivu.
Faudhia akanijia, akaniuliza taratibu, "Kaka Medard, huyu umempa maji leo?"
Sikuwa nimempa.

Jumapili, 16 Machi
Faudhia kashinda. Kura yangu nayo ilimwendea, mkono uliandika wenyewe. Sungura kabaki kwake, ananenepa.
Gitau kanisihi nimalize tasnifu. Nimerudi kusoma. Kumbe yupo tembo aliyempigia Kaisari magoti bila kufundishwa! Basi kosa langu lilikuwa udogo wa mnyama. Mei tunachagua mweka hazina. Wilaya ya Panyu kuna bustani ya wanyama yenye tembo. Nimeshauliza basi la kwenda huko.