Jua Nililowaahidi Watu wa Ngoingwa

Jumapili, 4 Mei
Baada ya ibada nikatangaza: kikundi chetu cha wazazi kinaenda Diani, pwani, tarehe kumi na sita. Watu ishirini na wanne. Makofi! Uchaguzi wa mwenyekiti ni mwisho wa mwezi. Mwenyekiti ni mimi, na nataka niendelee kuwa mimi. Watu wakirudi na mchanga kwenye viatu, nani atanitoa?

Kisha Nafuna akasimama. Huyu ni mwalimu, wa Bungoma, alifundisha Kilifi miaka tisa kabla ya kuhamia kwetu. Akasema kwa upole kwamba pwani Mei ni masika yenyewe, tungoje Agosti. Kwa upole! Mtu asiye na njama huongea kawaida. Nikawaeleza hesabu yangu: mawingu yote ya Kenya wiki hii yako juu ya Ngoingwa yetu, kila mtu anayaona. Ya pwani yatatoka wapi?

Jumanne, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Vizuri! Iishie huku huku.

Nimepigia hoteli ya Diani, nikajifanya mgeni kutoka Nakuru. Nikauliza kama kuna jua. Meneja akasema karibu sana mzee, nafasi ziko tele. Jua hakulitaja. Nikamuuliza kama anamjua mwalimu Nafuna. Akasema hamjui. Alijibu upesi mno.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemfuata Nafuna hadi Ruiru. Alienda kwa Erastus, mwenye basi tulilokodi. Nikajificha kwenye kibanda cha mitumba, najaribu sweta. Nafuna alimuuliza Erastus kuhusu tairi, breki, na kama ana koleo na kamba ndefu. Kamba! Ya kumfunga nani? Mwenye kibanda akaniambia ninunue au nivue. Kugeuka, Nafuna huyu hapa.

"Habari, mwenyekiti," akasema. "Hiyo ni ya kike."

Nimeinunua. Ina maua.

Alhamisi, 15 Mei
Wamboi, mke wangu, anapanga nguo tangu jana. Ana miaka hamsini na mbili na hajawahi kuona bahari. Nafuna amemshauri abebe gambuti za mvua na mwavuli. Alipoenda kulisha kuku nilivitoa kwenye begi, nikaweka miwani ya jua. Mke wa mwenyekiti hashuki Diani na gambuti.

Jumamosi, 17 Mei
Hatujafika. Mbele ya Mtito Andei maji yamefunika barabara, magari yote yamesimama. Erastus akajaribu njia ya kando, tope likameza magurudumu. Nikawatuliza watu kwamba hii ni mvua ya Ukambani, na ya pwani ni mambo mengine. Githae, mweka hazina wetu, akaniomba ninyamaze.

Nafuna akatoa koleo na kamba. Akasimamisha lori la mtu anaitwa Maluki, likatuvuta. Waliagana kama ndugu. Nikamuuliza wamejuana lini. Akasema sasa hivi. Kwa dakika kumi! Hapa kuna mpango.

Jumapili, 18 Mei
Diani. Mvua haijapumua hata mara moja. Bahari ina rangi ya chai, ufuko umejaa mwani. Nimekaa barazani na sweta yangu, mafua yamenishika. Wengine wamehamia meza za mbali.

Saa nne Wamboi akaweka miwani ya jua mezani mbele yangu. Akavua viatu, akashuka na Nafuna kwenye mvua ile ile. Wakaingia hadi magotini. Wimbi likampiga, akapiga kelele, halafu akacheka. Kicheko kile nilikisikia mara ya mwisho tukiwa vijana. Nilitaka kushuka. Nikafika ngazi ya pili. Kisha nikajiuliza: wanamcheka nani hasa? Nikarudi.

Jumamosi, 31 Mei
Uchaguzi. Nafuna ishirini na mbili. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya nani?

Jumatatu, 2 Juni
Uchunguzi unaendelea. Githae ameapa si yeye, na hakuona haya kuapa. Nimewapigia wengine kumi na watatu. Wote wanakana. Mtu amenipigia kura na anajificha. Kwa faida gani?

Jumatano, 4 Juni
Wamboi amesema leo akisukuma chapati. "Baba Shiko, wacha kusumbua watu. Ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema safari niliiharibu yote, hata gambuti zake anajua nani alizitoa. Lakini miaka yote amekuwa akiambiwa angoje. Angoje Shiko wetu amalize shule, angoje mahindi, angoje Agosti. "Wewe hukungoja. Bahari nimeiona."

Maneno matamu hivyo, saa moja asubuhi, hata chai haijachemka. Anataka nini?

Nafuna ametangaza safari yake: Nanyuki, Januari, wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Haiya! Mbona kavu? Naandaa yangu, Novemba, chini ya Mlima Kenya. Anasema Novemba huko ni mvua tupu. Anavyosisitiza, ni wazi Novemba kuna kitu kizuri hataki tukione.

Wamboi amekuwa wa kwanza kujiandikisha. Nimeliandika jina lake kwa penseli.