Kitanda cha Kwanza cha Nyumba ya Mwanafunzi

Hotuba ya Bwana Zébédée Kasongo, Mratibu Msaidizi wa Jimbo anayeshughulikia Maisha ya Wanafunzi, kwenye sherehe ya kuzindua Nyumba ya Mwanafunzi katika Chuo cha Juu Mwangaza, Kamina, baada ya wageni kutembezwa vyumba vyote viwili.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Serikali ya Jimbo, ambaye kiti chake mnakiona na ambaye mwenyewe bado yuko njiani; waheshimiwa wabunge wa jana, wa leo, na wale ambao nyuso zao tayari ziko kwenye fulana; Bwana Mkuu wa Chuo, makatibu wake na makatibu wa makatibu wake; maofisa wetu wa Base ya jeshi, mliotuletea usalama pamoja na tarumbeta; watumishi wa Mungu wa kanisa letu la Kimethodisti, kanisa lililonifundisha kusoma na ambalo leo limetuwezesha sote kuketi; masheikh na wafanyabiashara wetu wa mjini; mama zangu wa soko, baba zangu wa reli; wanafunzi wapendwa, mliomo ndani na mnaochungulia dirishani; kila mmoja kwa cheo chake, daraja lake na sifa zake, protokole yote ikiheshimiwa, nawasalimu! (Makofi. Mwanafunzi mmoja kutoka nyuma: "Salamu tulishasikia, bukari iko wapi?")

Bukari, ugali wenu huo, itafuata hotuba, kijana wangu, kama ilivyopangwa katika programu.

Mimi niliye mbele yenu, mtoto wa karani na wa mwalimu wa shule ya Jumapili, siku niliyoteuliwa nilijiuliza swali moja tu: mwanafunzi wa Kamina anahitaji nini? Na kwa kuwa sikutaka kumsumbua mwanafunzi katika masomo yake, sikumuuliza; niliunda tume, tume ikaunda kamati, kamati ikaunda cellule technique, yaani kikosi cha wataalamu, na hiyo cellule technique ikasafiri hadi Lubumbashi kuwatazama wanafunzi wa huko, ikalala hoteli yenye maji moto, ikarudi na hitimisho lisilopingika kwamba mwanafunzi wa Kamina yuko Kamina. (Makofi mengi kutoka kwa wajumbe wa cellule technique.) Kutokana na hitimisho hilo tukaandika Mpango Mkakati wa Encadrement, yaani wa malezi ya mwanafunzi, wenye nguzo, mihimili, shabaha na viashiria, na leo nawatangazia bila kigugumizi kwamba kiwango cha utekelezaji kimefikia asilimia mia moja na nne. Ile mia ni ya serikali. Zile nne nimeziongeza mimi mwenyewe.

Msiniamini mimi, aminini macho yenu, kwa maana mmetembezwa sasa hivi. Katika chumba cha kwanza mmeona guichet unique, dirisha moja la shida zote, ambapo mwanafunzi mwenye tatizo la bourse ya masomo, la kadi, la chumba au la moyo atapanga foleni moja ndefu badala ya foleni nne fupi zilizokuwa zikimchanganya. Nyuma ya dirisha hilo mmemwona Mama Kabedi, mshauri wetu wa service d'écoute, ambaye kazi yake ni kusikiliza, na tangu asubuhi amesikiliza bila kujibu lolote. (Sauti ya mama mmoja: "Kabedi? Haiko ule mwenye kuuzisha samaki pa soko?") Ndiye, Mama, na niambie wewe, ni nani katika mji huu amewahi kusikiliza malalamiko ya watu kuliko muuza samaki? (Kicheko.) Tulizingatia uzoefu.

Katika chumba cha pili, waheshimiwa, mmeona infirmerie, chumba cha wagonjwa. Mmeona kitanda cheupe, cha chuma, chenye magurudumu, kitanda ambacho mtu akikitazama tu anajisikia nafuu. Na juu ya kitanda mmemwona mgonjwa wa mfano, kwa sababu nilikuwa nimeomba kamati ya wanafunzi itutafutie mtu mmoja mwenye kipaji cha kulala, ili wageni waelewe matumizi ya kifaa. Kamati ikatuletea binti huyu, nimeambiwa jina lake ni Béthanie, wa mwaka wa pili wa ualimu. Mmeona anavyotetemeka? Mmesikia yale meno? (Makofi.) Mimi nimetazama michezo ya kuigiza hadi Kinshasa, lakini jasho la namna ile halifundishwi. (Msichana mmoja amesimama katikati ya ukumbi. Ni Cathy, anayelala chumba kimoja na Béthanie: "Bwana mukubwa, haiko muchezo! Béthanie iko mugonjwa kweli, homa imemukamata tangu juzi. Na pale penye analala, ile njo fasi yake ya kulala!")

Mmesikia? Mmesikia, waheshimiwa? Mwanafunzi mwenyewe anasema, bila kuandikiwa na mtu, kwamba pale ni mahali pake! Hiyo ndiyo inayoitwa appropriation: raia kuuona mradi kuwa wake tangu siku ya kwanza, na wataalamu wetu walikuwa wametabiri itachukua miaka. Tena tazameni walivyogawana kazi, mmoja ni mgonjwa, mwingine ni familia ya mgonjwa. Kaa, binti yangu, umeigiza vizuri sana.

Nikirudi kwenye ripoti. Kuhusu malazi: mnawajua wale wanafunzi wanaolala kwa siri watatu kwenye godoro moja, wale mnaowaita maquisards. Mtangulizi wangu aliwafukuza kwa fimbo. Mimi, kwa ubinadamu, niliwahesabu. Na kwa kule kuwahesabu tu, matumizi ya magodoro yetu yamepanda hadi asilimia mia tatu, kiwango ambacho hata hoteli za Kolwezi hazijakifikia. Kuhusu maktaba: vitabu vipo. Vimo ndani ya behewa, behewa liko Luena, na Luena, kwa wasiojua ramani, iko kwenye njia ya kuja hapa. Wenye haraka wataniambia behewa limeota majani. Mimi nawajibu kwamba kitabu hakiozi kwa sababu ya majani, kinaoza kwa kutosomwa, na hilo ni jukumu lenu wanafunzi. (Mzee mmoja wa reli: "Ile behewa haina hata magurudumu!") Asante, Baba, tumelipokea pendekezo lako.

Na sasa geukeni nyuma, polepole, bila kuangusha viti. Pale nje, mbele ya mlango, chini ya bendera, mnaona nini? Ambulance! (Watu wanageuka. Makofi.) Jipu lenye nguvu, lenye msalaba mwekundu ubavuni, na ambalo halikungoja kuzinduliwa ndipo lianze kazi, maana leo asubuhi limemsafirisha hadi hapa huyu anayezungumza nanyi. (Cathy amesimama tena: "Basi, Bwana mukubwa, tupatie ile ambulance! Béthanie ameanza kuongea maneno yenye haiko na kichwa. Anaita mama yake, na mama yake iko Luena. Tunakuomba, baba.")

Binti yangu, sasa unatia chumvi. Ambulance haitoki hivi hivi tu, kuna procédure. Mgonjwa anaandika ombi. Ombi linapita kwenye guichet unique, ambalo leo limefungwa kwa sababu ya kuzinduliwa kwake. Guichet unique linalipeleka kwa daktari. Na daktari, tutakapompata, anatia sahihi. Tukianza kuwapakia wagonjwa wa mfano, hao wa kweli watapanda nini? (Minong'ono. Mtu mmoja: "Nahum, endesha basi!" Nahum, dereva, anaitazama kofia yake.) Nahum, weye bakia pale pale na ufunguo. Samahani, waheshimiwa, nilikuwa nazungumza na idara ya usafiri.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye sifa. Mimi si mtu wa kujisifu, wanaonijua wananijua, lakini nikikaa kimya nani atayasema haya? Nani aliyeleta… (Mlango unafunguka kwa kishindo. Anaingia Mama Lucienne, muuguzi mwenye zahanati ndogo ng'ambo ya reli, na vijana wawili; nje wameacha pousse-pousse, kile kigari cha kusukuma mizigo. Mama Lucienne: "Bwana Zébédée, tulipatana kitanda yangu itarudi mbele ya magaribi. Kule niko na mama wa kuzaa, mumoja tu, na analala chini. Nakuja kuibeba.")

Mama Lucienne, waheshimiwa, ni mshirika wetu wa kiufundi. Karibu, Mama. Tulipatana baada ya picha, Mama. Baada ya… Mama, usiingie kule, delegation haijamaliza… (Mama Lucienne ameingia chumba cha pili. Kisha sauti yake: "Yesu wangu! Huyu mutoto anaungua! Malaria ilishamupanda mu kichwa, na nyinyi muko munapiga makofi?" Cathy amekimbilia ndani. Anasikika akilia.)

Tulieni. Tulieni, mabibi na mabwana. Nahum, kuya hapa. Ule mutoto haikukuwa wa mfano? (Nahum, kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kinaichukua: "Hapana, chef. Wa mfano hakukuya. Huyu alijilalia tu.") Na mbona hamukuniambia? (Nahum: "Cathy alisema mara mbili, chef.")

Waheshimiwa! Nina furaha, tena furaha yenye uzito, kuwatangazia kwamba Nyumba ya Mwanafunzi imepata mgonjwa wake wa kweli wa kwanza kabla hata utepe haujakatwa! Ni chuo gani kingine kimefanya hivyo? (Hakuna makofi. Vijana wawili wanatoka na kitanda, Béthanie akiwa juu yake, macho yamefumbwa. Cathy anakishikilia kichwa chake kisitikisike.) Pigeni picha! Hii ndiyo évacuation sanitaire, safari ya kumwahisha mgonjwa, ya kwanza katika historia ya chuo hiki! Mama Lucienne, mugeuzeni kidogo, uso uelekee kamera… (Mama Lucienne: "Toka mu njia.") Natoka, Mama, natoka. Mpisheni. (Kitanda kinapakiwa juu ya pousse-pousse, kinapita kando ya ambulance, kinaelekea reli. Wanafunzi karibu wote wanatoka kukisukuma.)

Wanaobaki ndio wenye nidhamu. Tuhitimishe. Mwanafunzi, oyee! (Oyee, kwa viti vya mbele tu.) Encadrement, oyee! (Sauti moja.) Afya ya mwanafunzi… basi, hiyo tuiache.

Nabakiwa na shukrani, na leo nitazitoa kwa haraka, kwa kuwa naona wenye vitu vyao wameanza kusogea. Namshukuru Bwana Zacharie, mlinzi wa kanisa, kwa viti vyake. Mlioketi, tafadhali mkisimama msiviburute. Namshukuru Mama Saumu wa baa kwa jenereta na friji, na namwomba angoje nimalize ndipo azime. Namshukuru Mama Kabedi, arudi salama kwa samaki wake. Namshukuru shemeji yangu kwa jipu. Nahum, ule msalaba ni karatasi, ubandue polepole, tutauhitaji kule Base wiki ijayo, maana kesho jipu linabeba mihogo. Utepe usikatwe tena, ukunjwe. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wasichana wa bweni hili kwa kutuachia vyumba vyao viwili. Magodoro yenu yako nyuma ya ukuta chini ya turubai, mnaweza kuyarudisha ndani hata sasa. Naambiwa kitanda kile kiliwekwa mahali pa godoro la Bi Béthanie. Kwa hiyo yeye hakuingia katika mradi wowote. Alikuwa mgonjwa, akarudi kulala chumbani kwake, akatukuta sisi.

Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Limenitoka tu.

Ndugu wa mkutano, watu wakiwauliza… mkutano wenyewe bado upo? Naona baba mmoja. Baba, mtu akikuuliza Nyumba ya Mwanafunzi iko wapi, mjibu kwamba ilipita hapa jioni hii, ikisukumwa na Mama Lucienne, na mwanafunzi mmoja ndani yake. (Cathy amerudi mbio, anahema: "Bwana mukubwa, Mama Lucienne alishamuchoma sindano. Anasema tulikawia, lakini atapona. Na anauliza shuka yake, ile ya pa kitanda. Njo ile mulitandika pa meza.")

Hii? Hii niliyoegemea tangu mwanzo? (Cathy ameshika ncha. Bwana Zébédée anainua mikono. Shuka inatoka, na chini yake ni kreti za bia za Mama Saumu, tupu, zimepangwa tatu tatu.)

Chukua, binti yangu. Umwambie Béthanie… Hapana, usimwambie kitu. Mpelekee shuka. (Jenereta inazimwa.)

Asanteni.