Vifungo vya Miezi Mitatu

Tapeli mimi namjua kwa kumtazama viatu tu, ni kipaji. Nimetapeliwa mara nne, ya mwisho nikiwa nimevaa miwani, na viatu vyenyewe vilikuwa vizuri sana.

Huyu wa leo walimwita Sabuni: ananukia, anateleza, na akiondoka unabaki na povu. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la kliniki, mzima kama chuma, akisikiliza magonjwa ya watu kama wengine wasikilizavyo redio. Dirishani, mkuu wa dawa alikuwa akimkabidhi fundi cherehani wake, mama anayemshonea magauni, kichupa cha vidonge vya tezi ya shingo, vya miezi mitatu.

"Kumbuka, dada, kimoja kila asubuhi..."

Sabuni hakusikia zaidi. Nyuma yake mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba vidonge vile hupunguza mwili. Ndiyo, na mtu asiye na ugonjwa akivimeza, moyo humwenda mbio, usingizi humkimbia, na huenda akapungua hadi asihesabiwe. Lakini Sabuni alishaona viuno vya mtaa mzima vimepanga foleni mlangoni kwake.

Kesho yake saa moja asubuhi, hodi kwa fundi, faili kwapani.

"Mama, nimetumwa na mkuu wa dawa mwenyewe. Vidonge ulivyopewa vina kasoro. Nakichukua kichupa, keshokutwa nakuletea kipya. Ila hakifunguliwi njiani. Anakifungua yeye tu."

Fundi akajishika shingo. Miaka ya nyuma, kabla hajaanza vidonge hivyo, alikuwa akisinzia juu ya cherehani saa nne asubuhi, akitetemeka kwa baridi wenzake wakijipepea, na kuna bwana harusi aliyeshonewa naye shati la mikono mitatu. Huko hakutaka kurudi.

"Na nikikaa bila dawa?"

"Usihofu, mama. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa tezi. Navimeza mwaka wa saba huu."

"Maskini, mwanangu! Kumbe tu ndugu wa shingo. Leo umeshameza?"

"Sasa hivi, hapo mlangoni kwako."

"Basi karibu chai."

Akamwekea chai ya maziwa na mkate wa siagi. Sabuni akavifagia. Fundi hakugusa kitu. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama mgeni, akarudi kwenye saa.

"Mbona mama huli?"

"Nangoja saa yangu itimie. Kula, baba, kula."

Kidonge kile humezwa na maji matupu, tumbo likiwa tupu, na chakula hungoja nusu saa hadi saa nzima. Maziwa ndiyo kabisa, hukipunguzia nguvu. Miaka saba mtu hajui hilo? Hata mimi niliyeishia darasa la nne najua, na shingo yangu haina neno.

Fundi akaingia chumbani, akatoka na kichupa. Sabuni akakitikisa. Kikalia vizuri.

"Koti lako limekatika kifungo," fundi akasema. "Liache nilishone, utalichukua ukileta dawa."

Mwenye shibe hana ubishi. Akaliacha.

Saa sita akarudi anahema.

"Mama! Umenipa vifungo!"

Kweli tupu. Vichupa vikiisha dawa, fundi huvitilia vifungo.

"Umejuaje? Si ulisema hakifunguliwi njiani?"

Sabuni akameza mate, tena bila maji. "Mkuu wa dawa ndiye kakifungua. Amekasirika huyo! Amesema unirudishie koti, na vidonge unipe hapa hapa."

"Amesema lini?"

"Sasa hivi. Nimemwacha ofisini kwake, kakunja uso hivi."

Pazia la chumba cha kupimia nguo likasogea. Akatoka mkuu wa dawa, gauni limejaa pini, mkono mmoja ndani na mmoja nje.

"Ehe," akasema, "nimekunjaje vile?"