Boma Tupu la Mheshimiwa Bujiku

Usukuma nzima palikuwa na mtu mmoja tu mwenye ng'ombe sitini na asiye na ng'ombe. Ndiye Mheshimiwa Bujiku, jirani yangu hapa Didia.

Waingereza walimteua kwenye Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Alikwenda na viatu, akarudi na tai! Kule, alituambia, alisimama akanguruma kama treni ya Mwanza: "Ng'ombe wa Wasukuma wamezidi! Wapunguzwe!" Wazungu wakapiga makofi. Makofi yenyewe yakatua kwetu.

"Na wako, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Mimi ndiye mfano! Nimeuza wote. Njoo uone boma!"

Boma lilikuwa tupu kweli. Sitini alikuwa ametugawia majirani tumfichie. Kwangu kumi na mmoja, mmojawao mwenye baka jeupe usoni. Mke wangu, Mbuke, aliwatazama, akasema: "Ng'ombe wa mkubwa, hata mavi yake utaulizwa."

Basi Mheshimiwa akataka mke wa pili. Wa kwanza, alisema, hafai kusimama karibu na Gavana! Akamposa Euphrasia, binti wa mzee Mabula wa Rwamgasa. Mabula si mtu wa maneno. Mahari anaichagua mwenyewe, bomani, kwa macho yake. Akasema anakuja Jumatano.

Jumatano asubuhi tukamrudishia Mheshimiwa ng'ombe wake. Boma likajaa hadi miiba ya uzio ikalia! Mabula akapapasa nundu hii, akavuta mkia ule.

"Yule wa baka jeupe. Na huyu. Mkwe, una mali!"

"Hawa? Hawa ni wa kuchezea tu, baba!"

Mara gari. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na kamera shingoni! Amesikia sifa za Mheshimiwa aliyeuza wote, amekuja kupiga picha boma tupu.

Akatazama pembe. Pembe zikamtazama.

"Bujiku, hawa wa nani?"

Jasho likashuka hadi kwenye tai. Akisema wake, kiti cha Dar es Salaam kimekwenda.

"Si wangu! Hata mkia mmoja! Wa majirani hawa, wanapita tu!"

Mabula akageuka. "Hata yule wa baka?"

"Hata yule!"

"Majirani gani?" akauliza Bwana Shauri. Sisi wanaume tukatazama chini. Mbuke akajitokeza.

"Kumi na mmoja ni wetu, bwana."

Akawaswaga, huyoo, nyumbani. Wengine wakafuata mfano. Si alipenda mfano?

Boma likabaki tupu. Picha ikapigwa. Mabula akaokota fimbo yake: "Binti yangu haolewi na miiba."

Mwaka uliofuata Mbuke akanitoka. Matangani nilimchinja yule wa baka. Mheshimiwa akaja, akala mnofu, akala wa pili, kisha akaninong'oneza:

"Ndugu yangu, ile ngozi pale naifahamu. Huyu ni ng'ombe wangu."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, wewe huna ng'ombe. Picha ipo."