Bastola ya Kufichwa Ndani ya Maawisi

Abdow Nuh,
Galbet, karibu na tangi ya maji,
Garissa.

Kwa Afisa Mkubwa wa Leseni za Bunduki,
Garissa.

Asalaam aleikum Mkubwa,

KUH: KUOMBA BASTOLA NDOGO, YA KUFICHA

Mimi ni Abdow. Kazi yangu ni kupakia mbuzi kwa lori pale soko ya mifugo. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo nitasema kwa ufupi. Mke wangu Amran alikufa miezi kumi na nne imepita, Mungu amrehemu. Nyumbani niko peke yangu. Nataka bastola.

Fomu yako nimeiona. Pale imeandikwa "sababu" wameacha mstari mmoja. Mstari mmoja hautoshi hata mtu anayetaka kununua jogoo. Ndio maana nimeleta barua. Sababu ni hizi.

1. Fensi inatembea. Katikati ya kwangu na kwa jirani yangu Abdiwahid kuna fensi ya miiba. Amran akiwa hai, hiyo fensi ilikaa mahali pamoja miaka kumi na tisa. Tangu amekufa imekuja kwangu hatua kumi na moja. Nimepima kwa miguu, viatu nimevua. Asubuhi nikienda kazi iko pale, jioni nikirudi iko hapa. Nilimuuliza Abdiwahid. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, ni upepo." Sasa Mkubwa, wewe umesoma. Upepo gani unabeba miiba, unaipanga mstari, halafu unaacha alama ya shoka?

2. Choo. Mwezi wa sita fensi ilipita choo changu. Choo nilichimba mimi, sasa iko kwa Abdiwahid. Nikitaka kwenda lazima nipige hodi kwa watu, birika ya maji ya choo mkononi. Mke wake Fatumo anatoka, anaanza. Habari ya nyumba, habari ya mwili, umekula nini, umelala aje, kichwa iko aje. Kwa desturi yetu lazima nijibu zote, na mimi pia nimuulize zake. Kuna salamu ya mtu mwenye nafasi na kuna salamu ya mtu amebanwa. Huyo mama hajui tofauti.

3. Silaha niliyokuwa nayo zamani. Usishangae kwa nini miaka kumi na tisa sikuomba. Nilikuwa na Amran. Alikuwa mfupi, alifika hapa kwa kifua yangu. Alikaa ndani, kimya, ukipita huwezi kujua yuko. Halafu ukigusa kitu chake anatoka. Siku moja lori ya maji ilirudi nyuma ikagusa hiyo fensi. Amran alisema maneno kama nane. Dereva alirudi mpaka barabara kubwa hajaangalia kioo, na maji hakuuza siku hiyo. Hakukosa mtu, hakukwama, na leseni hakuna mtu alimwomba. Kwa hivyo sitaki kitu kipya Mkubwa. Nataka ile ile, lakini ya chuma.

4. Kuchagua aina. Hapa nilipata msaada wa Nunow. Zamani alikuwa askari wa akiba, sasa analinda duka ya jumla. Bunduki ni kitu anajua. Alinichorea kwa mchanga. Akasema bunduki ndefu wacha, kwa sababu Abdiwahid akiiona ataita wazee. Wazee wakija watakaa siku tatu na mimi ndio nitachinja. Akasema chukua bastola, na ziko mbili. Kuna ya kuzunguka, risasi tano ama sita, haina maneno mengi lakini ni nene, inatoa tumbo. Kuna ya bapa, risasi zinaingia kwa mpini, inalala vizuri kwa ubavu lakini inataka kusafishwa, na vumbi ya Garissa unaijua. Tena akasema kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyorusha mkono na kukosa. Nikamwambia basi nataka bapa kama ile ya pili, isiyo na maneno kama ile ya kwanza, ndogo, na isikose. Nunow akaniangalia. Akasema, "Abdow, hiyo unataka kuoa."

Kitu kingine ni vidole. Vidole vyangu vimeshika pembe za mbuzi miaka thelathini. Pale pa kuvuta ili ipige, kwa ile mchoro ya mchanga, kidole yangu haikuingia. Kwa hivyo andika hapo kwa faili: ndogo kwa nje, kubwa kwa ndani.

5. Pa kuificha. Nunow anasema watu huvaa kifuko ndani ya suruali, upande wa kulia, na mshipi mzuri. Mimi suruali niko na moja, ile nilipigia picha ya kitambulisho. Mimi navaa maawisi. Unajua maawisi, ni nguo unazungusha kiunoni unakunja, basi. Haina mshipi, haina mfuko. Nikajaribu kwanza na kipande ya sabuni ya kufua, kwa sababu Nunow alisema uzito ni karibu. Siku tatu nilitembea na sabuni.

Siku ya kwanza, msikitini. Wakati wa kusujudu ikatoka, ikateleza kwa mkeka mpaka safu ya mbele, ikasimama karibu na imamu. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka. Hakuna mtu aliuliza ni ya nani. Walipomaliza kuswali wakaniangalia mimi wote.

Siku ya pili, kazini. Jua unalijua. Nilipakia mbuzi themanini, jasho ikateremka, sabuni ikaamka. Povu ikatoka kiunoni mpaka kwa goti. Wenzangu waliniweka kivulini wakaniletea maji, na maji ikaongeza. Najua bastola haitoi povu. Lakini nimeandika ili ujue nimefanya utafiti.

6. Hii ndio ilinikasirisha kabisa. Siku ya tatu nilitoa sabuni kiunoni nikaishika mkononi, chini ya shuka ya begani. Nikasema hapa hakuna mtu ataona. Nikasahau niko wapi. Soko yetu ya mifugo bei haitajwi kwa mdomo. Dalali anaingiza mkono chini ya nguo yako, mnashikana vidole, kidole moja ni bei hii, mbili ni bei ile, na watu wa pembeni hawajui kitu. Basi mtu akiona mkono chini ya shuka anajua kuna mnyama anauzwa. Dalali moja anaitwa Mustafe akaja, akaingiza mkono, akashika sabuni. Akaibonyeza. Akafikiri kidogo. Akasema, "Hapana adeer, mzee wangu, hiyo ni juu sana, punguza." Akaibonyeza tena, akasema haya, nimekubali, lakini mbuzi niione. Mkubwa, sina mbuzi. Ilibidi nitoe sabuni mbele ya watu. Sasa sokoni wananiita Mzee Bei ya Sabuni.

Kwa hivyo ona shida yangu. Garissa nzima hakuna mahali pa kuficha kitu, na wewe unaniandikia kwa fomu "kubeba kwa siri".

7. Siri yenyewe. Hapa nimekaa nikafikiri sana. Bastola ikifichwa vizuri, Abdiwahid hatajua. Asipojua hataogopa. Asipoogopa fensi itatembea. Sasa ya nini? Kwa hivyo naomba iwe ya siri lakini itangazwe. Chifu asome kwa baraza: "Abdow Nuh wa Galbet yuko na bastola, na hakuna mtu anajua." Asome mara mbili, Abdiwahid huwa anachelewa.

8. Risasi sitaki. Nimewaza ningempiga wapi, nikakosa mahali. Mguu anahitaji, ana ngamia. Mkono pia. Na kusema ukweli ndiye alichimba kaburi ya Amran, mimi nilikuwa nimekaa chini. Na kila asubuhi analeta maziwa, anaweka kwa mlango, anaondoka. Hiyo ndio ujanja wake. Huwezi kumtukana mtu na maziwa yake iko mdomoni. Basi nipe bastola haina risasi. Na mlio pia isiwe ya kushtua, nina masikio ya zamani. Kama iko ile inaongea, nipe hiyo. Iseme tu, "Abdiwahid, nakuona." Sauti ya mwanamke kama inapatikana. Ikiongeza "na wewe Abdow, vaa viatu", sitarudisha.

9. Mwisho, hii inakuhusu wewe. Hatua kumi na moja kwa miezi kumi na nne. Kutoka kwangu mpaka ofisi yako ni hatua elfu mbili na mia moja, nimehesabu nikija kuchukua fomu. Itachukua muda, lakini atafika. Siku moja utatoka na birika utakuta choo ya serikali iko ndani ya miiba, na Fatumo anakuuliza umelala aje. Siku hiyo usiseme Abdow hakuandika. Afadhali tumzuie akiwa bado Galbet.

Kama bastola zimeisha, nipe askari mmoja mfupi. Awe mkali. Chakula nitampa.

Basi Mkubwa, sina ingine. Nisalimie askari wa getini kwako, yule alinipa kiti. Nisalimie yule mama wa mafaili, mwambie nimeandika kwa wino ya buluu vile alitaka. Nisalimie watoto wako na watu wako wote, wa karibu na wa mbali. Watoto wa Abdiwahid pia nawasalimu, wao hawajahamisha kitu. Mungu akulinde, na fensi yako ikae.

Ni mimi, nikingoja jibu,
Abdow Nuh,
mpakiaji, Galbet.

Nyongeza. Mkubwa, hii barua nimeandika siku tatu, kwa hivyo naituma tu, lakini soma hapa.

Leo nilienda kwa Abdiwahid nikamwambia nimeandikia serikali, naomba bastola, na sababu ni yeye. Nilitaka aogope. Hakuogopa. Akaita Fatumo, wakaangaliana, wakaniambia nikae chini. Fatumo ndiye alisema. Ile wiki ya mwisho Amran alimwita kwa mkeka wake. Akamwambia: "Huyu mzee wangu akiumwa hatasema. Na plot yetu ni kubwa, akianguka kule mwisho hakuna mtu atasikia. Nikishaenda, songeza fensi. Pole pole, akiwa kazini. Endelea mpaka usikie akikohoa. Na choo muweke upande wenu, ili kila siku apite umuone uso. Akiuliza msimwambie, atakataa." Halafu akamwita na Abdiwahid, akawaapisha wote wawili.

Nikauliza sasa mnasikia? Abdiwahid akasema kukohoa wanasikia tangu Ramadhani. Lakini nikigeuka kitandani bado hawasikii, na ana wasiwasi. Akauliza, "Turudishe, ama isimame hapo?" Chai ikaletwa, ikapoa.

Basi leseni mpe mtu mwingine, na chifu usimsumbue. Kutoka kwa fensi mpaka kitanda yangu imebaki hatua mbili. Nimemwambia Abdiwahid mimi sijasikia kitu, na hii maneno hatujaongea. Kesho naenda kazi mapema. Nikirudi nikikuta imesogea, nitasema ni upepo.