Kofia Yangu ya Mahafali Haikuwa Kawa

Rehana Abdulmalik,
Mikindani,
Mtwara.
9 Desemba 2024

Kwa Mwalimu Lucinda,
Mkuu wa Shule,
Mtwara Mjini.

YAH: KOFIA YANGU KUTUMIKA KUFUNIKIA PILAU LA MGENI RASMI

Shikamoo Mwalimu.

Najua barua rasmi haianzi na shikamoo. Wewe mwenyewe ulitukata alama kwa kosa hilo tukiwa kidato cha pili. Nimejaribu kuanza bila shikamoo, mkono ukagoma. Naomba uihesabu kuwa iko nje ya barua, na barua yenyewe inaanza hapa chini.

Mimi ni Rehana, niliyekuwa nakaa karibu na dirisha, kidato cha nne B. Kama hunikumbuki, ni yule ambaye kwenye ripoti uliandika "mtulivu sana", na muhula uliofuata ukaandika "je, bado yupo?" Nipo, Mwalimu. Naandika kwa sababu kusema siwezi, na jambo lenyewe limeshasemwa vya kutosha na watu ambao halikuwapata.

Kabla ya malalamiko naomba nieleze kofia. Nimelelewa na bibi yangu, Bibi Subira. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Sura za watu hazioni tena. Anaona rangi, na anaona cheusi na cheupe. Yeye mwenyewe hakupelekwa shule, na tangu naanza kidato cha kwanza alikuwa na neno moja tu: anataka anione nikimaliza. Hakusema asikie. Alisema aone. Sasa siku ya mahafali sote tungevaa majoho meusi na kofia nyeusi, na wazazi wangekaa kule mwisho wa turubai. Angenijuaje?

Nilifikiria kuandika jina langu kwa shanga, lakini Bibi hajui kusoma. Nikafikiria taa ndogo za betri, mjomba wangu Jafari akasema nitafanana na bodaboda. Mwisho nikachora mchoro wangu mwenyewe: duara ndani ya duara, nyekundu, njano, kijani na zambarau, na katikati ncha imesimama, ili hata mwenye macho mabovu aone kwamba pale kuna kitu. Mjomba Jafari ni fundi cherehani, akanishonea kofia nyeusi ya kawaida. Bibi akanipa miyaa, majani ya kusukia, aliyoitia rangi mwenyewe. Nikasuka ukili, nikaushonea juu ya kofia kwa kuzungusha mpaka kwenye ncha. Nikamwambia, "Bibi, ukiona rangi hizi ziko kichwani kwa mtu, huyo ndiye mimi."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kofia ile haikuwa kawa. Kawa ni kifuniko cha chakula, cha ukili wa rangi na kimechongoka juu, kila nyumba ya huku Mikindani inalo, na naamini hata kwako lipo. Kawa halina kishada. Kofia yangu ilikuwa na kishada. Kawa halikushonwa kwa ajili ya kuingiza kichwa. Hapa nimeacha kuandika kidogo, nikajaribu kawa letu la nyumbani, na ni kweli kwamba kichwa kinaingia. Lakini hakiingii kwa raha. Naomba hoja hii uipokee hivyo hivyo ilivyo.

2. Mwalimu Custodio wa nidhamu alinizuia mlangoni. Alisema, "Binti, haya ni mahafali, siyo maonyesho ya Nane Nane. Vua." Kanuni inasema kofia iwe nyeusi. Kofia yangu ilikuwa nyeusi kwa chini, na chini ndiko inakomgusa mwanafunzi. Hakuna aliyeniomba aitazame kwa chini. Josephu, aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, akasema, "Rehana, leo umetufunikia nini, wali au ugali?" na mstari mzima ukacheka. Josephu aliachwa aingie na miwani ya jua.

3. Mwalimu Custodio aliiweka kofia yangu juu ya meza ya mlangoni. Meza ile ilikuwa na sahani, vijiko, majagi na birika la kunawia. Nauliza kwa heshima zote: kitu chenye umbo lile kikikaa katikati ya vijiko, kitachukuliwa na nani kama si mpishi? Simlaumu Mama Mwasiti wa jikoni. Nzi walikuwa wengi, na kawa lake alikuwa amelikalia mwenyekiti wa bodi.

4. Nilimwona Mama Mwasiti akiichukua. Aliikung'uta, akaipuliza, akafunikia sinia la pilau la mgeni rasmi, ikatosha kama iliyopimwa. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikanyoosha mkono. Mwalimu Custodio akaniambia nivumilie, vyoo vimejaa wageni. Nikanyoosha mikono yote miwili. Akasema, "Basi kama ni haraka kiasi hicho, nenda." Nikaenda, kwa sababu sikujua namna ya kukataa ruhusa. Nikakaa huko muda wa kutosha ili asione kwamba alinipa bure. Hapo ndipo nilipopoteza nafasi ya kuiokoa kofia, na nashauri shule iwe na namna mbili tofauti za kunyoosha mkono.

5. Jambo hili ndilo lililoniumiza. Majina yalikuwa yanasomwa, tumefika herufi P, nami R niko tayari karibu na ngazi. Mama Mwasiti akatoka jikoni na sinia kichwani, juu ya sinia kofia yangu, akapita mbele ya wazazi kwenda meza kuu. Sasa, Mwalimu, jiweke kwenye macho ya Bibi. Rangi zimekuja. Ziko kichwani kwa mtu. Mtu anatembea kwa heshima kuelekea kwa mgeni rasmi. Bibi akasimama. Akapiga vigelegele ambavyo naambiwa vilisikika mpaka Shangani. Akaenda mbio, yeye ambaye nyumbani namshika mkono kuvuka kizingiti, akamvalisha Mama Mwasiti shada la karatasi zinazong'aa, ambalo najua aliniandalia mimi. Turubai zima likashangilia. Mshereheshaji, Bwana Issa, naye akasema kwenye kipaza sauti, "Mama ana uchungu na mwanawe huyo!" Mama Mwasiti hakuweza kukataa kwa sababu angetikisa sinia.

Mara baada ya hapo likasomwa jina langu. Kila mwenzangu alipigiwa vigelegele na kwao. Mimi nilipanda ngazi, nikapewa cheti, nikashuka, na kilichosikika ni feni. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinama. Nikapitiliza kiti changu, nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji, na huko ndiko nilikohitimu.

6. Kuna picha. Mpiga picha hakupiga hata moja nikiwa jukwaani, kwa sababu alikuwa bado anampiga Bibi akimkumbatia Mama Mwasiti. Picha hiyo imewekwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu na maneno "Hongera Rehana". Sinia halionekani, shada lilikwama ukingoni mwake likalifunika. Mama Celia wa duka la vitenge ameandika, "Mashallah, shule imemkubali, amenenepa." Mwingine ameuliza mtoto amepata lini mvi. Watu wa Mnazi Bay, upande wa marehemu babu, wametuma zawadi ya ngisi wakavu, na wamempelekea Mama Mwasiti.

7. Mgeni rasmi alipofunua sinia alisimama na kofia yangu mkononi. Nilimsikia nikiwa kule nyuma ya tangi. Alisema shule hii ni ya mfano kwa kudumisha ususi wa Pwani, na kwamba hajawahi kuona kawa lenye kishada. Wewe, Mwalimu, ukamwambia kwamba ni zawadi yake kutoka kwa shule. Naelewa ulikuwa hujajiandaa na zawadi nyingine. Akaiweka kiti cha mbele cha gari lake, wakaondoka nayo kuelekea Masasi. Naambiwa aliifunga mkanda.

8. Kutokana na hayo yote naomba tufikirie pamoja. Mhitimu ni nani? Ni yule aliyevuka mbele ya wazazi, akapigiwa vigelegele, akapigwa picha, akafika meza kuu, akatajwa kwenye hotuba, na akaondoka na mgeni rasmi. Yote hayo yalifanywa na kofia. Mimi nilikwenda chooni na nyuma ya tangi. Kwa hiyo kofia imehitimu na mimi sijahitimu. Kama sijahitimu, bado ni mwanafunzi wako, na nilipaswa kuwepo mstarini kila asubuhi tangu siku ile, na sikuwepo. Naomba radhi kwa utoro huo. Pia nina wasiwasi na mtihani wa taifa nilioufanya mwezi uliopita, kwa sababu huenda nimemfanyia mtu mwingine. Ikibainika hivyo, napenda ijulikane kwamba nilidanganywa, na kwamba Jiografia kofia ingefanya vizuri kuliko mimi, maana imeshafika Masasi.

Maombi yangu ni machache. Kwanza, shule iandae mahafali mengine, ya mtu mmoja. Turubai si lazima. Bibi apewe kiti cha mbele kabisa. Jina langu lisomwe kwa sauti kubwa, lakini kwa kuwa naona haya kutazamwa, nakuomba wewe na walimu wote mgeuke mtazame ukutani mpaka nishuke. Mwalimu Custodio anaweza kukaa nyumbani. Pili, mgeni rasmi aandikiwe airudishe kofia, na ikiwa ameshaizoea, basi aje nayo aivae mwenyewe, apande jukwaani nyuma yangu, ili Bibi akiona rangi ajue niko jirani. Tatu, makawa yote ya mkoa huu yaandikwe KAWA kwa rangi nyeupe, na kofia zote za mahafali ziandikwe KOFIA, ili wapishi wasipate shida. Nne, Mama Mwasiti apewe cheti. Amekwisha kupongezwa na watu wengi mno, sasa itakuwa aibu kumnyang'anya.

Hili la kwanza ndilo kubwa, Mwalimu. Hayo mengine nimeyaweka ili barua isionekane fupi. Tarehe ya Bibi kupasuliwa macho haijulikani, na mimi nikipangiwa shule ya mbali nitaondoka kabla hajaniona nimemaliza hata hii ya kwanza. Nisingependa aendelee kuamini kwamba mjukuu wake ana umbo la Mama Mwasiti.

Nisalimie walimu wote, hasa Mwalimu Mwanaisha wa Baiolojia, aliyekuwa ananiuliza maswali ya kujibu kwa kutikisa kichwa. Wasalimie mlinzi na wapishi. Mwalimu Custodio naye msalimie, asifikirie nina kinyongo, ninacho kidogo tu. Josephu ukimwona, mwambie ulikuwa wali.

Mimi niliyekuwa mwanafunzi wako, au ambaye bado ni mwanafunzi wako, kutegemea utakavyoamua namba nane,

Rehana Abdulmalik

Nyongeza: Mwalimu, barua ilikuwa imekwisha, nikamsomea Bibi ili aweke dole gumba lake kama shahidi. Amekataa kuweka. Amesema namba tano yote ni uongo.

Anasema alijua fika kuwa yule ni Mwasiti, kwa kuwa Mwasiti anatembea kama bata tangu utoto wake na hakuna mwingine Mtwara nzima. Alimpigia vigelegele kwa sababu pilau lilikuwa limefika naye alikuwa na njaa tangu alfajiri. Na shada alimvalisha kwa kuwa mwanamke kapika usiku kucha kwa ajili ya watoto wa watu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumvalisha kitu.

Nikamuuliza, basi mimi hukuniona. Akasema, "We mtoto! Wenzako wote vichwa vyeusi, wewe peke yako na ushungi wako mweupe, hata kofia huna, kama yai kwenye makaa. Nani asingekuona? Nimekuona unapanda, nimekuona unapokea, nimekuona unashuka." Nikamuuliza kwa nini basi hakupiga vigelegele. Akasema alikuwa analia, na koo ni moja, halifanyi kazi mbili.

Kumbe lile shada la karatasi halikuwa langu hata kidogo. Langu lilikuwa koja la asumini, alilokuwa amelificha ndani ya kanga. Alinitafuta turubai zima akashindwa, maana hakujua habari za tangi. Tangu siku ile limening'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Mimi nilidhani ni dawa ya macho, na kila nikifagia nilikuwa nalikwepa kwa heshima.

Kwa hiyo naomba malalamiko na maombi yote uyaache, isipokuwa cheti cha Mama Mwasiti. Barua naituma hivi hivi kwa sababu mwandiko wake umetoka vizuri. Koja nimelivaa sasa hivi ninapoandika. Limekauka na linapukutika kila nikiinama. Ukifungua bahasha ukakuta unga wa rangi ya chai, usidhani ni uchafu.